Za Buluu Hazihesabiwi

Land Rover ya kijani iliacha njia ya Wattaya na kukata kwenye changarawe.

Harub akaifuata.

Hakuongeza mwendo. Aliishika gia ya pili, akaliacha vumbi la mbele limwonyeshe njia. Dereva yule alikuwa akitazama kioo cha nyuma kila dakika. Harub alingoja atazame mara moja kupita kiasi.

"Kitasa, Kitasa, hapa Komeo." Redio ya Pye ilikoroma chini ya dashibodi. Ilikuwa sauti ya Thani, mwenzake wa kazi. "Unamwona?"

"Namwona."

"Yu peke yake?"

"Peke yake. Sanduku liko kitini pembeni yake."

"Usimuue."

"Sikusudii."

Dereva akatazama kioo tena. Gurudumu la kulia likaingia kwenye mchanga laini, likazama, na Land Rover ya kijani ikalala ubavu taratibu, kama ngamia anayepiga magoti.

Harub akafunga breki. Alishuka, akavunja kioo cha mlango kwa kitako cha bastola yake, Walther, akamvuta dereva kwa ukosi wa kanzu.

Alikuwa Bakhit, dereva wa kampuni ya Voss. Mzima, mwenye hasira, kilemba kimemwangukia puani.

"Nyinyi watu wa Zinjibari!" Bakhit alifoka. "Unguja mmekwisha kuikosa, sasa mnataka kutumalizia na Maskati?"

"Umejuaje kuwa mie ni wa Zinjibari?"

"Nimekaa Wete nikiuza tende, nawajua! Mtu wa hapa angepiga honi kwanza. Nyie mnakuja kimya kimya kama mnakwenda mazikoni."

Harub aliingiza mkono garini. Alilitoa sanduku: mbao nyekundu, kitasa cha shaba. Waya mwembamba ulitosha kukifungua. Ndani, juu ya pamba, mlikuwa na kichupa kimoja cha kioo chenye mchanga wa kijivu, mchache kuliko sukari ya kikombe kimoja cha chai.

Thani akafika na pikipiki yake ya BSA, birika la kahawa limefungwa nyuma kwa kamba. Alikuwa mtu mnene mwenye uso wa kucheka, na uso ule ulikuwa umewaponza wengi.

"Bwana Bakhit, pole sana," alisema. "Kaa kivulini, tunywe kahawa. Tunangoja kreni ije iinyanyue gari."

"Kreni gani?"

"Haijaingia nchini bado."

Harub alikuwa amekwisha kuwasha gari.

*

Amri ilikuja asubuhi ile kwa redio, maneno machache: "Mizani inataka kipande kimoja."

Mizani alikuwa Sheikh Aflah. Mbele za watu alikuwa karani mkubwa wa bandari, mzee mwenye sauti ya chini na miwani minene. Nyuma ya pazia ndiye aliyewaongoza Harub na Thani na wengine wachache ambao majina yao hayakuandikwa popote. Harub naye, mbele za watu, alikuwa mkalimani tu. Alisimama baina ya Waarabu na Wazungu akiyahamisha maneno, na hakuna aliyeukumbuka uso wake.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mgeni mmoja, Bwana Voss, alisema amegundua makaa ya mawe katika wadi moja, bonde kavu la mto, nyuma ya mji wa Sur. Aliomba mkataba wa kuyachimba, na gati lake mwenyewe pwani, gati lisilokuwa na forodha. Alionyesha makaa, meusi, mazuri. Mitambo yake ilikuwa imeshushwa katika ghala lake la Ansab: kreti ndefu za mabomba ya kuchimbia.

Marhoon alifanya kazi kwenye ghala lile. Siku moja alikuja kwa Sheikh Aflah, akasema mabomba yale ni mazito mno kuwa matupu. Kesho yake kampuni ikamshitaki kwa wizi wa vyombo. Sasa alikuwa amefungwa mnyororo katika chumba cha walinzi, kwenye lango la Maskati.

Mkataba ungetiwa sahihi leo baada ya sala ya alasiri. Ukishatiwa, neno la Voss lingekuwa neno la mshirika wa serikali, na Marhoon angepandishwa gerezani, juu ngomeni. Waliopandishwa kule, jamaa zao walianza kuwataja kama watu wa zamani.

Marhoon alikuwa mume wa Mahbuba. Mahbuba alikuwa dada yake Harub, na Harub hakuwa na mtu mwingine duniani.

"Kreti za mgeni wa serikali siwezi kuzigusa," Sheikh Aflah alimwambia walipokutana, akipangusa miwani. "Tuhuma hazinitoshi. Lakini mtu huyu ameapa mbele yangu kwamba makaa yametoka wadi ile. Nipe uongo mmoja, Harub. Mmoja tu. Ntazifungua zote."

Harub aliitikia kwa kichwa.

Jana Mahbuba alikuwa amelia mbele yake mpaka ushungi ukarowa. Harub alimtazama kama mtu anayetazama chungu kikichemka kwenye jiko la jirani. Aliona mvuke. Joto halikumfikia. Ilikuwa hivyo tangu Unguja, mwaka wa sitini na nne, alipomzika mkewe Nasriya kwa mikono yake, akanawa, akapanda meli. Miaka mitano ilikuwa imepita, na tangu kunawa kule hakuna lililomgusa.

*

Kheiria aliishi ghorofani Matrah, katika nyumba ya ami yake. Alikuwa amesoma Cairo, kisha akafanya kazi katika maabara ya mafuta Kuwait, akichunguza mawe yanayotoka visimani. Sheikh Aflah alikuwa amemleta kwa jina la mgeni wa familia. Hadubini yake, Zeiss, ilikaa juu ya meza ya cherehani ya Singer.

"Umechelewa," alisema.

"Njia mbovu."

"Na mkono wako unatoka damu."

Harub aliutazama. Kioo kilikuwa kimemkata kiganjani. "Nnaona."

"Sikukuuliza kama unaona, bwana wewe. Nnakuuliza kama unauma."

Harub alifikiri kidogo. "Sijui."

Kheiria alimkazia macho, kisha akamfunga kitambaa. Akakifungua kichupa, akamimina mchanga katika kisahani cheusi, akakisogeza chini ya lenzi.

"Nieleze," Harub alisema. "Nitasimama pale nikitafsiri. Sitaki kutafsiri nisichokijua."

"Makaa ya mawe ni misitu iliyozama," Kheiria alisema, jicho kwenye hadubini. "Makaa yenyewe ni mabubu, hayakwambii yamezaliwa lini. Lakini mara nyingi bahari hupanda juu ya msitu, huacha tope lake, kisha hurudi nyuma. Msitu tena, bahari tena. Katika tope lile wamo wanyama wadogo wa baharini, wenye magamba, wadogo kuliko chembe ya chumvi. Kila zama na wanyama wake. Wakisha kufa wote hawarudi. Ukiwajua wao, umejua umri wa tope. Ukijua umri wa tope, umejua umri wa makaa yaliyolala chini yake na juu yake."

"Na mchanga huu?"

"Ndio tope la wadi ile, kwa maneno ya Voss. Limevunjwa, limeoshwa kwenye chekeche, limekaushwa. Leo alasiri Dokta Ferrand atautazama na kutoa hukumu."

Dokta Ferrand alikuwa mtaalamu kutoka Beirut, aliyeitwa na serikali. Mtu mwaminifu, kila mmoja alisema hivyo. Yeye ndiye aliyeshurutisha aletewe mchanga mzima, usiochambuliwa.

Kheiria alisogeza punje moja baada ya nyingine kwa brashi yenye unywele mmoja. Nje, muuza maji alipita akipiga bati. Kheiria hakunyanyua kichwa.

Mwishowe akaegemea kiti.

"Sawasawa," alisema.

"Sawasawa nini?"

"Wote ni wa pale. Zama zile zile, bahari ile ile. Hakuna mgeni hata mmoja."

Harub aliweka chini kikombe cha kahawa. "Basi Voss anasema kweli."

"Sikusema hivyo. Nimesema kichupa kinasema kweli."

"Sheikh Aflah hatofautishi baina ya hayo mawili. Wala walinzi wa lango."

Kheiria aliifuta brashi. Alimjua Mahbuba, walisoma chuo kimoja utotoni, mtaa wa Malindi, Unguja.

"Na mie nitazame," Harub alisema.

Kheiria akampisha. Harub akainamia lenzi. Mbele yake palitandaa uwanja mweusi uliojaa maumbo ya kijivu na meupe: mengine kama shanga, mengine kama vifungo vya shati, mengine kama konokono. Hapa na pale palikuwa na punje zenye rangi ya samawati kali.

"Na hizi za buluu?"

"Za buluu hazihesabiwi."

"Kwa nini?"

"Ni utaratibu wa kazi." Kheiria alisema kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. "Chekeche lina matundu madogo sana. Hata ulioshe vipi, punje mbili tatu hunasa. Basi kabla ya kuosha tope jingine, unalichovya chekeche katika dawa ya buluu. Zilizonasa zinashika rangi. Zikija kuchomoka na kuingia katika tope jipya, unazijua: si zake, ni takataka za sampuli iliyotangulia. Mwanafunzi hufundishwa siku ya kwanza kutoziona. Mie mwenyewe nimezizoea, macho yanazipita."

Harub hakutoa jicho kwenye lenzi.

"Sampuli iliyotangulia ni ipi?"

"Iliyotangulia ni…"

Brashi ilisimama hewani.

"Voss aliapa," Harub aliendelea, sauti ile ile. "Mimi ndiye niliyetafsiri. Alisema chekeche ni jipya, limetolewa karatasini hapa hapa, na tope la wadi ndilo la kwanza kuoshwa humo. La kwanza na la pekee."

Kheiria alimsukuma kwa kiwiko. "Ondoka hapo."

Alizitoa punje za buluu moja moja. Tatu zilikuwa nzima. Alipoigeuza ya kwanza, alicheka kwa pumzi moja, kicheko cha mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

"Yakhe."

"Nini?"

"Anafanana na punje ya mchele, unamwona? Huyu na ukoo wake wote walikufa zamani sana, kabla bahari ya wadi ile haijakuwapo. Mawe ya umri wake yapo katika milima ya Oman, sikatai. Lakini hayamo katika wadi ile. Na tazama."

Aliipasua punje kwa ncha ya sindano. Ndani, vyumba vyake vidogo vilikuwa vimejaa unga mweusi.

"Makaa," Harub alisema.

"Makaa. Alilala na makaa yake, katika nchi nyingine kabisa. Wameyaleta kwa meli, wakaona yana tope la kwao, wakayasugua. Maji ya kusugulia yakapita kwenye chekeche. Kisha fundi wao wa maabara, kabla ya kuosha tope la kweli la wadi, akalichovya chekeche katika buluu. Kwa mazoea tu." Kheiria alitikisa kichwa. "Mfanyakazi mwema. Hata katika wizi hakutaka kuchanganya sampuli."

"Ferrand ataziona?"

"Ferrand? Atazipita kama nilivyozipita mie. Ni fundi mzuri mno."

Mbili zilizobaki alizisaga ubavu mmoja mpaka vyumba vikaonekana, akazigandisha katika kipande cha kioo, akazifunika, akampa. Moja, ile iliyopasuliwa, akairudisha kisahanini pamoja na vipande vingine vya buluu vilivyobaki. Mchanga ukarudi kichupani.

"Harub," alimwita mlangoni. "Sauti isikutetemeke."

"Haitetemeki."

"Ndicho kinachonitia khofu."

*

Chumba kilikuwa juu ya bandari, ndani ya kuta za Maskati, dirisha lake likitazama maji. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha, watu wamekwisha kusali. Mezani walikaa Sheikh Aflah na kalamu yake, Dokta Ferrand na hadubini, na Bwana Voss aliyevaa shati jeupe lisilo na jasho.

"Dereva wako amepinduka Wattaya," Harub alimwambia Voss kwa Kiingereza, akiliweka sanduku mezani. "Yu salama. Nilikuwa napita."

"Mkalimani wetu!" Voss alitabasamu. "Ningefanya nini bila wewe?"

Harub akarudi kusimama mahali pake, nusu hatua nyuma ya kiti cha Sheikh.

Ferrand alimimina mchanga, akatazama. Mikono yake ilikuwa mizee na mitulivu. Alitumia muda mrefu. Kutoka upande wa lango, chini, mnyororo ulisikika ukikokotwa juu ya mawe. Walikuwa wamemtoa Marhoon, tayari kwa kupandishwa.

"Sina shaka," Ferrand alisema mwishowe. "Umri wa tope unaafikiana kabisa na mawe ya wadi ile."

Harub akatafsiri, neno kwa neno.

Sheikh Aflah akaitwaa kalamu. Voss akaufunua mkataba.

"Sheikh anauliza," Harub alisema kwa Kiingereza, "zile za buluu ni nini?"

Sheikh Aflah hakuwa ameuliza kitu. Aliinua macho kidogo juu ya miwani, akayarudisha karatasini.

"Hizo?" Ferrand alitabasamu kwa upole. "Hazihesabiwi. Mabaki ya sampuli iliyotangulia, ndani ya chekeche."

"Sheikh anauliza, sampuli gani? Maana Bwana Voss aliapa kwamba hakuna iliyotangulia."

Tabasamu la Ferrand likafifia. Aligeuka kumtazama Voss. Kisha akaunyoosha mkono kuishika sindano.

Kiwiko cha Voss kiligonga kisahani. Mchanga ukamwagika sakafuni, na kiatu chake kikapita juu yake.

"Oh. Samahani sana."

"Si neno," Harub alisema. Akatoa kile kipande cha kioo mfukoni, akakiweka chini ya lenzi. "Mbili zilibaki."

Ferrand akainama.

Aliigeuza skrubu ya lenzi mara mbili.

"Mungu wangu," mzee yule alisema. "Nimekaa miaka yote hii nikizipita."

"Ni za wadi ile?" Harub aliuliza.

"Kamwe. Na zimejaa makaa."

Harub akatafsiri.

Voss alikuwa amekwisha kusimama. Bastola yake, Browning, ilikuwa inamtazama Sheikh Aflah kifuani. Alisema maneno machache kwa sauti ya chini.

"Anasema atakayesogea atapigwa risasi," Harub alitafsiri.

"Nimemwelewa," alisema Sheikh Aflah.

"Anasema sisi ni wajinga."

"Hilo si lazima ulitafsiri, mwanangu."

Voss alirudi kinyumenyume mpaka ngazini, kisha wakasikia viatu vikishuka mbio. Chini kwenye vidato vya gati boti lake lilingoja, mashine ya Evinrude imeshawashwa. Aliruka ndani. Kamba ikakatwa. Boti likageuza pua kuelekea mdomo wa bandari.

Harub alikwenda dirishani. Hakukimbia.

Aliuweka mkono uliofungwa kitambaa juu ya mbao, akauegemeza wa pili, wenye bastola, juu yake. Moyo wake ulidunda kama siku ya kawaida. Kwa muda mfupi tu alijiuliza kama mtu mwingine angekuwa anasikia kitu sasa hivi.

Walther ililia mara moja.

Evinrude ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Boti likaanza kuzunguka katikati ya bandari, polepole, mbele ya watu wote. Voss aliketi ndani yake, akaitupa bastola majini, akanyanyua mikono.

Sheikh Aflah alikuwa ameifunika kalamu. "Umepata uongo mmoja," alisema. "Mwambie Komeo afungue."

Harub alishuka mpaka kwenye gari.

"Komeo, hapa Kitasa. Fungua."

"Tuko mlangoni Ansab tangu adhuhuri," Thani alijibu. "Bakhit kachoka kungoja kreni, nimemchukua anishikie nyundo. Bismillahi."

Mbao zilipasuka redioni. Sauti ya Bakhit ikasikika kwa mbali ikiapa kwamba yeye ni dereva tu, kisha ikakatika ghafla.

"Kitasa." Thani hakuwa na mzaha tena. "Mabomba yana mimba."

"Ya nini?"

"Bunduki. Mpya, zimo kwenye grisi. Kreti mpaka kreti. Marhoon alisema kweli."

"Mwambie Mizani mwenyewe. Yu njiani kuja redioni."

*

Walimfungua Marhoon chini ya lango. Mlinzi alihangaika na ufunguo, akatukana, akaupata. Mnyororo ukaanguka. Miguu ya Marhoon ilikuwa imechubuka, na ndevu zake zilikuwa zimepata mvi ambazo Harub hakuzikumbuka.

Marhoon alimkumbatia. Alilia kwa sauti begani kwake, bila kujali walinzi. Harub alisimama kama mwimo wa mlango mpaka mwenzake alipomaliza.

"Nilijua utakuja, shemegi. Niliwaambia hawa. Walinicheka."

"Gari lile litakupeleka Matrah. Mahbuba yu nyumbani."

"Na weye? Twende sote. Atapika, atakulazimisha ule mpaka ushindwe kuinuka."

"Nenda weye kwanza."

Marhoon alipangusa uso kwa kiganja. Alimtazama shemeji yake kwa muda, kama anayetafuta mlango katika ukuta.

"Atataka kujua ulisemaje uliponiona nimefunguliwa. Unamjua dada yako. Ataniuliza mara mia."

"Mwambie nilifurahi."

"Umefurahi?"

Harub aliyatazama maji, ambako askari walikuwa wakilikokota boti la Voss kurudi gatini.

"Mwambie hivyo," alisema.

Akapita chini ya lango, akaishika njia ya Matrah kwa miguu, upande wenye kivuli.